Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi: Mama Mjamzito na Ugonjwa wa Sonona



Tunawashukuru ninyi nyote kwa kuitikia mwito wetu, hasa akina baba, ambao leo tunaona mmekaa mbele, siyo kule nyuma karibu na mlango kama kawaida yenu.

Risala ya kikundi imekwisha kusomwa na Katibu. Mmesikia habari za hisa, mikopo, mashine ya kukoboa, pamoja na madeni yaliyochelewa. Hatutarudia. Kamati imetupa nafasi ya kusema neno moja tu, nalo ni juu ya jambo ambalo halimo katika mahesabu wala halina kifungu katika katiba yetu, lakini kila mwaka linaingia kikundini na kukaa kwenye mkeka pamoja nasi. Ni ugonjwa wa huzuni unaompata mama akiwa mjamzito. Wataalamu wanauita sonona.

Tunajua wako watakaoguna, kwamba mimba ina mambo yake bwana. Ni kweli ina mambo. Kuna kutapika, kuna kuchukia harufu ya kitunguu, kuna wenzetu waliochukia hata harufu ya baba watoto miezi mitatu mizima, na baadaye wakacheka wenyewe. Hayo siyo sonona. Tulivyoelezwa, sonona ni pale huzuni, au kukosa hamu ya kitu chochote, kunapomkalia mtu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi. Usingizi unakatika au unazidi. Chakula hakipiti. Mama anajiona hana thamani, anajilaumu kwa mambo yasiyo na kosa, na wengine wanafikia kuwaza kufa. Ubaya wake ni kwamba uchovu na kukosa usingizi ni mambo ya mimba pia, kwa hiyo ugonjwa unajificha ndani ya mimba kama panya ndani ya gunia la mahindi. Mama mwenyewe anaweza asijue anaumwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, ili tuelewane tutasema habari ya mwenzetu mmoja. Jina hatulitaji, na habari yenyewe ametupa ruhusa. Mnafahamu kwamba kila mwanachama ana kitabu chake cha hisa, na kila hisa anayonunua inagongwa muhuri. Huyu mwenzetu alikuwa mtu wa hisa tano kila wiki, hakosi. Alipofika mwezi wa tano wa mimba ikawa mihuri mitatu. Halafu mmoja. Halafu kurasa mbili nyeupe. Mume alikuwa na kazi yake, hakukuwa na msiba wala njaa mle nyumbani. Katibu ndiye aliyeshtuka alipokuwa akijumlisha, akasema hebu angalieni, kitabu hiki kinaumwa.

Tulipokwenda tulimkuta amelala mchana, mlango umerudishwa. Hakulia. Alisema maneno machache tu, kwamba anaona yeye ni mzigo, na kwamba mtoto huyu angepata mama mwingine ingekuwa heri. Mama mkwe alikuwa pembeni, akasema huyu amedeka, sisi tulizaa shambani. Huyo mama mkwe hatumlaumu, alisema alichokijua. Ila kulikuwa na kituo kimoja cha tiba ambako mwenzetu alikuwa amekwisha kwenda kueleza kwamba halali, akajibiwa kuwa mimba siyo ugonjwa, arudi tarehe ya kadi. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, sasa asiye na kovu la kuonekana je?

Muuguzi wetu wa zahanati, ambaye yupo hapa na hapendi kusifiwa, ndiye aliyetuandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya, kwa muuguzi wa afya ya akili. Alikwenda mara tano kabla ya kujifungua. Mara ya kwanza alisindikizwa na wawili wetu, mara nne zilizofuata na mumewe. Mtoto sasa anakimbia kimbia na leo ameshamwaga soda ya Mtendaji. Hatusemi kikundi kilimponya. Tunasema kitabu cha hisa kiliona mapema, na watu wakakisoma.

Kutokana na jambo hilo tulitaka kujua zaidi. Wengi wetu tuliishia darasa la saba, wengine hata hilo hawakufika, lakini binti wa mwanachama mwenzetu anasomea uuguzi, naye alikaa nasi Jumapili tatu akitusomea utafiti uliofanywa na wataalamu na kututafsiria. Tunampa pongezi. Basi tuwaeleze machache tuliyoyaelewa.

Kwanza tulidhani mambo haya yamegunduliwa Ulaya na kuletwa huku. Kumbe mmoja wa waliofungua njia alijifunzia hapa jirani, Uganda. Daktari John Cox, Mwingereza, alikuwa akifundisha Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1970, akawachunguza wajawazito 263 kule Kasangati, nje ya Kampala. Baganda tayari walikuwa na jina la ugonjwa wa akili unaompata mama baada ya kuzaa, wanauita amakiro, naye akaandika habari zake mwaka 1979. Baadaye, huko Uskochi, yeye na wenzake walitunga maswali 10 ya kumuuliza mama juu ya siku 7 zilizopita, wakayatangaza mwaka 1987. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, jumla ni 30. Swali la mwisho linauliza kama mama amewaza kujidhuru. Maswali yenyewe ni mepesi, kama vile umeweza kucheka, umeogopa bila sababu, umelia. Yalitungwa kwa mama aliyejifungua, baadaye yakatumiwa kwa wajawazito pia, na siku hizi yanatumika nchi nyingi duniani.

Pili, wengi tulidhani huzuni hii huja baada ya kuzaa. Kule Bristol, Uingereza, walifuatilia maelfu ya akina mama waliokuwa na mimba mwaka 1991 na 1992, wakawauliza maswali hayo hayo kabla na baada. Wiki ya 32 ya mimba, kina mama 13 hadi 14 katika kila 100 walikuwa na alama za juu. Wiki ya 8 baada ya kujifungua walikuwa 9. Maana yake huzuni ilikuwa nyingi zaidi mtoto akiwa bado tumboni, wakati ambapo watu wanamwambia mama hongera.

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu wajawazito 16 kati ya 100 wana tatizo la akili, na kubwa ni sonona. Hapa kwetu Tanzania, utafiti uliofanyika Mwanza na kutolewa mwaka 2015 uliwauliza wajawazito karibu 400, na takriban theluthi moja walionyesha dalili. Ni kweli dalili za kwenye maswali siyo sawa na kupimwa na daktari. Lakini walichokiona kwa wenye dalili tunakijua sote, nacho ni maelewano mabaya na mwenzi, na umaskini. Hapo akina baba mtatusamehe, tumesoma tu kilichoandikwa.

Sasa tunakuja kwenye tiba, na hapa tunaomba utulivu, watoto wapelekwe nje kidogo.

Nchini Pakistan, vijijini karibu na mji wa Rawalpindi, Profesa Atif Rahman na wenzake walifanya utafiti uliotolewa mwaka 2008. Waliwachukua kina mama 903 waliokuwa katika miezi ya mwisho ya mimba na wenye sonona. Hawakuwapa vidonge, wala hawakuwapelekea madaktari. Waliwatumia wanawake wa afya wa vijiji hivyo hivyo, watu waliomaliza sekondari, wanaopita nyumba kwa nyumba kwa kazi za chanjo na uzazi wa mpango. Wakawafundisha siku 2, na siku 1 ya marudio baada ya miezi 4, na kila mwezi wakawa na msimamizi wa kuwasikiliza. Kila mama alitembelewa mara 16. Mara 4 ni katika mwezi wa mwisho wa mimba, mara 3 katika mwezi wa kwanza wa mtoto, zilizobaki mara moja kwa mwezi.

Walikuwa wakifanya nini? Mama anasaidiwa kulitambua wazo linalomkalia, kwa mfano kwamba hata nikila nisile mtoto atakufa tu. Anaonyeshwa picha. Wanalitazama wazo lile pamoja, wanatafuta jingine lenye afya, kisha wanapanga tendo dogo la kufanya hadi wiki ijayo, kama kula mara moja zaidi kwa siku, kutoka nje, kumwambia dada fulani aje. Familia inaitwa. Na waliambiwa kwamba shughuli hii ni kwa ajili ya afya ya mtoto, kwa hiyo hakuna mama mkwe aliyekuja juu kwamba mnamwita mkwe wangu kichaa. Hiyo akili tumeipenda sana.

Mtoto alipofikisha miezi 6, katika waliohudumiwa hivyo 23 kati ya 100 ndio waliokuwa bado na sonona. Katika kundi lingine walikuwa 53. Mwaka mmoja ulipopita ilikuwa 27 kwa 59. Watoto wa kundi la kwanza waliharisha mara chache na walikamilisha chanjo kwa wingi zaidi. Kwa uzito na urefu haikuonekana tofauti ya kutosha, na wenyewe walisema hivyo bila kuficha.

Sasa sikilizeni jambo ambalo sisi lilitunyamazisha. Lile kundi lingine nalo lilitembelewa mara 16. Idadi ile ile, na wanawake wa kazi ile ile. Tofauti ni kwamba hao hawakufundishwa namna ya kuzungumza. Walikwenda, wakasalimia, wakauliza hali, wakaondoka, na zaidi ya nusu ya kina mama wakabaki na ugonjwa.

Ndugu wanakikundi, sisi kutembeleana tunakujua sana. Mtu akiumwa tunakwenda na kilo ya sukari na kanga, tunajaza mkeka, tunasema pole, utapona, mtangulize Mungu. Desturi hiyo tusiiache hata kidogo. Lakini kwa ugonjwa huu kutembelea peke yake hakutoshi. Kinachotibu ni yale mazungumzo yenye mpango, yanayofanywa na mtu aliyefundishwa na mwenye msimamizi. Na mtu huyo, ndugu Mgeni Rasmi, siyo lazima awe daktari. Anaweza kuwa mmoja wa hawa waliokaa hapa na vitambaa vya bluu.

Wapo waliofanya kwa vikundi. Uganda tena, wilaya za Masaka na Rakai, utafiti wa mwaka 2002 uliotolewa mwaka 2003, vijiji 30. Huo haukuwa wa wajawazito, ulikuwa wa wanaume na wanawake wazima. Wenyeji wenyewe walikuwa na maneno yao ya ugonjwa, moja lina maana ya kujichukia na jingine kujihurumia. Viongozi walikuwa watu wa huko, wakafundishwa wiki 2. Wakakutana mara moja kwa wiki, wiki 16. Mwishoni, waliobaki na sonona katika vikundi walikuwa 6 hadi 7 kati ya 100, na wasiokuwa kwenye vikundi 55. Sisi tunakutana kila Alhamisi miaka kumi sasa. Tumeshindwa kukutana mara ngapi? Mafuriko mara moja, na ile wiki ya uchaguzi.

Tusije tukawadanganya lakini. Siyo kila mahali imefaulu hivyo. Kule Khayelitsha, Afrika Kusini, wajawazito 425 walishiriki katika jaribio la ushauri wa wahudumu wa afya ya jamii, na matokeo ya mwaka 2020 hayakuonyesha tofauti ya maana na wale waliopata huduma ya kawaida iliyoongezwa nguvu. Maisha ya pale ni magumu, njaa na vipigo, na maneno mazuri hayajazi sufuria. Dar es Salaam nako, kwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI waliokaa vikao 6 vya kikundi, waliobaki na dalili za sonona walikuwa 60 kwa mia, na wasiokaa 73. Nafuu ipo, ila ni ndogo, na wataalamu wenyewe hawakuthubutu kuapa nayo. Sisi tunaona ni vema kuyajua na haya, kwa sababu tumeshaona miradi mingi ikija na ngoma na kuondoka kimya.

Kuhusu dawa za hospitali, zipo, na wako wajawazito ambao daktari anaona wanazihitaji. Hapo tunaomba jambo moja tu. Anayetumia asiziache mwenyewe siku anapojua ana mimba, eti jirani amesema. Mwaka 2006 Marekani walitoa habari za wajawazito 201 waliokuwa wakitumia dawa hizo na hali zao zilikuwa nzuri. Katika walioacha, 68 kati ya 100 waliugua tena kabla ya kujifungua, na katika walioendelea 26. Dawa nazo zina mambo yake kwa mtoto, hivyo ni kupima huku na huku, na wa kupima ni daktari pamoja na mama. Siyo sisi, wala siyo muuza duka la dawa.

Na mama akisema anataka kufa, au ingekuwa heri asiwepo, hayo siyo maneno ya kumkemea wala ya kusubiri Alhamisi. Asiachwe peke yake. Sumu ya shamba na vidonge viondolewe nyumbani, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Sasa ombi letu. Kamati imependekeza mambo mawili. La kwanza, mfuko wa jamii, ambao sasa unalipia msiba, kulazwa, kujifungua na nyumba kuungua, ulipie pia nauli ya mwanachama mjamzito aliyeandikiwa na zahanati kwenda kwa muuguzi wa afya ya akili. La pili, wachaguliwe wanachama wawili wafundishwe, chini ya usimamizi wa zahanati.

Wapo wanaopinga, na hoja zao siyo za kijinga. Mmoja alisema kila mtu ana mawazo, hata yeye ana mawazo ya ada ya shule, tukifungua mlango huu sanduku litakauka. Tumepiga hesabu pamoja naye. Nauli ya kwenda na kurudi wilayani ni shilingi 8,000. Safari tano ni 40,000. Kwa miaka kumi tumewahi kuwa na wajawazito wasiozidi sita kwa mwaka. Hata wakiugua wawili, ni 80,000, na msiba mmoja tunautolea 150,000. Tena siyo anayesema ana mawazo, ni aliyeandikiwa barua. Mwenzetu bado hajakubali, ila amenyamaza.

Hoja ya pili ilitusumbua zaidi. Dada mmoja aliuliza, mimi nina mkopo kikundini, je, nitamfungulia moyo mtu ambaye wiki ijayo atakaa kunidai? Hapo hatukuwa na jibu la haraka. Tumeshauriana na muuguzi, na tumekubali kwamba watakaochaguliwa wasiwe mweka hazina, wasiwe washika funguo wa sanduku, wasiwe katika kamati ya mikopo. Na atakayetoa siri ya mtu nje, adhabu yake siyo faini ya shilingi 500 kama ya kuchelewa. Ni kuondolewa. Wengine wanaona ni kali. Sisi tunaona mwanamke aliyekwisha kusema anataka kufa, halafu akayasikia maneno yake kisimani, hatarudi kuyasema tena kwa mtu yeyote.

Kwa ndugu zetu mnaotuunga mkono, hatuombi fedha leo, ingawa mkiwa nazo hatutazikataa. Tunamwomba Mheshimiwa Diwani atusaidie kupata mkufunzi kutoka wilayani, kwa sababu zahanati yetu ina muuguzi mmoja na mkunga mmoja, na foleni ya kliniki siku ya Jumanne mnaiona inavyofika kwenye mwembe. Tunaomba maswali yale 10 yaulizwe pale kliniki, hata kwa mama mmoja mmoja. Wasiojua kusoma wasomewe faraghani, siyo mbele ya foleni. Na akina baba, mkeo akianza kulala mchana kila siku na kujibu kwa kichwa, usimuulize kwa nini hajapika. Mpeleke.

Kura ya mapendekezo hayo mawili ni Alhamisi hii, saa nane mchana, hapa hapa. Kila mwanachama aje na kitabu chake. Wajawazito wa sasa ni wanne, nao wameomba wapige kura wa kwanza.

Chakula kiko tayari upande wa darasa la pili, wazee na wageni watatangulia.